Mlango mpana wa kioo wa kwenda barazani: usipime kabla ya kuona hii

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo niko saiti, Kigamboni. Nyumba imeshapauliwa, lipu imekwisha, vigae bado. Huu nyuma yangu ndio uwazi wenyewe, sebuleni kwenda barazani: upana mita 3.6, kimo mita 2.4. Mwenye nyumba anataka mlango wa kuslaidi wa aluminiamu, akae kwenye kochi lake aione minazi yote mpaka ukutani. Kazi hii naipenda kuliko zote ninazofanya.

Kabla ya bei, simama hapa ujue upepo na jua vinatokea wapi. Huu unatazama kusini. Masika kusi ikianza, mvua inakuja usoni kabisa, kwa hiyo reli ya chini lazima iwe na matundu ya kutolea maji upande wa nje. Ungekuwa unatazama magharibi ningekuuliza habari ya pazia zito, maana jua la saa kumi na moja jioni linapita chini ya paa hata baraza iwe na mita mbili.

Ngoja. Mnaniona mweusi tii, simu imelielekea jua. Mdogo wangu, hamia huku. Rudi nyuma kidogo. Hapo hapo.

Sasa paneli. Wengi wanaomba mbili. Kwa upana huu, paneli mbili zinakupa njia ya mita 1.8 tu, nusu. Ukiweka tatu kwenye reli tatu, unafungua theluthi mbili, mita 2.4. Mimi nachagua tatu, na sababu kubwa ni uzito. Kioo kina kilo mbili na nusu kwa kila milimita ya unene, kwa mita moja ya mraba. Cha milimita 6 ni kilo 15 kwa mita ya mraba. Paneli ya mita 1.8 kwa 2.4 inabeba kioo cha kilo 65, fremu hujahesabu. Ukigawa tatu, kila moja inabeba kilo 43. Bibi anasukuma, mtoto anasukuma. Wavu wa mbu nao unataka reli yake, kwa hiyo useme mapema, si siku ya kufunga.

Kioo kiwe cha temperedi, yaani kilichopikwa kwa moto kikawa kigumu. Kikivunjika kinakuwa punje punje, si mapande ya kukata mtu. Lakini hakikatwi tena baada ya kupikwa, hata milimita mbili. Ukikosea kipimo umenunua kingine.

Ndiyo maana nakuja kwenye kipimo. Sogeza simu, waone mkono wangu. Upana pima mara tatu: juu, katikati, chini. Kimo mara tatu vile vile. Kisha pima kona kwa kona, mishazari yote miwili; zikitofautiana, uwazi umepinda, na dawa yake ni lipu, si kulazimisha fremu. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote, toa sentimita moja. Hayo ni mepesi.

Kigumu ni hiki cha chini. Hapa nimesimama kwenye jamvi, yaani zege la sakafu kabla ya vigae. Usipime kimo kutoka kwenye jamvi! Mwaka juzi nilipima hivyo, nikaambiwa vigae na saruji yake vitachukua sentimita tatu. Vikaja sita. Reli ikazama chini ya sakafu ya baraza, mvua ya kwanza maji yakaingia mpaka kwenye zulia la watu. Vioo vyote vitatu nilivilipa mfukoni mwangu, na yule mama nilimwomba radhi nikiwa nimeinama nakamua zulia lake.

Kwa hiyo mwite fundi vigae kwanza. Chukueni mpira wa maji wa kupimia usawa, pigeni mstari ukutani mita moja juu ya pale kigae *kitakapoishia*, ndani na nje. Kimo unakipima kutoka kwenye mstari huo kwenda juu, kisha unaongeza ile mita moja. Na baraza iwe chini kuliko sebule. Narudia, kwa sababu najua kuna mtu ameshashika futi: kwenye mstari, si kwenye jamvi.

Huo upepo mnaousikia unatoka baharini, na una chumvi. Chumvi inakula magurudumu na skrubu. Huku Kigamboni ninatumia stenlesi, chuma kisichoshika kutu upesi, ya daraja la 316; ya 304 inapata madoa ya kutu. Aluminiamu iwe na rangi ya poda, ile ya kuokwa kiwandani, na mara moja kwa mwezi uioshe kwa maji yasiyo na chumvi pamoja na reli.

Komeo nataka la ndoano, lishike fremu. Tena juu kuwe na kizuizi, mwizi asiweze kuinyanyua paneli kutoka relini. Duka likikuonyesha sampuli, shika paneli uinyanyue mbele yao. Ikitoka, waulize kizuizi kiko wapi.

Niandikieni hapo chini upana wenu, kimo na upande mlango unakotazama, nitawajibu idadi ya paneli na unene wa kioo. Fundi vigae huyo anaingia getini. Mdogo wangu, zima simu, lete mpira wa maji.