Nyonga mpya, lakini nyumba yetu iko chini: mazungumzo na wazee wa Bombo, Uganda

Asalaam aleikum wazee wangu, na kwa wale wengine Bwana asifiwe, mama zangu hamjambo, maafande wote mliostaafu nawaona mmekaa mbele kama kawaida yenu, asanteni sana kwa kuja. Nimeambiwa niongee juu ya oparesheni ya kubadilisha nyonga na vile mtu anapona, na mimi nitaongea kama mtu aliyefanya unesi miaka mingi na pia kama mtoto aliyemuuguza mama yake nyumbani na hiyo nyonga, na niwaambie ukweli, nyumbani ndiko nilijifunza zaidi.

Kwanza mjue kinachofanyika. Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo juu yake, kama mpira mdogo, na huo mpira unazunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga. Sasa mpira ukisagika kwa uzee, ama damu ikakosa kuufikia ukafa, vile tunaona kwa vijana wetu wenye sikoseli na kwa watu waliokunywa waragi, ile pombe kali, miaka mingi, ama shingo ya mfupa ikavunjika mzee akiteleza bafuni, daktari anaukata, anaingiza chuma ndani ya paja, anaweka kichwa kipya na kikombe kipya. Daktari aliyetufungulia hii njia ni Mwingereza, John Charnley, hospitali ya Wrightington, na kikombe chake cha kwanza alikitengeneza na teflon, ile ile wanapaka kwa kikaango chakula kisishike, ikalika haraka mpaka akalazimika kuwafungua watu tena. Mwaka 1962 ndipo akaanza kutumia plastiki nyingine, ni ukoo mmoja na kaveera, ile mifuko ya plastiki, lakini ngumu sana, na hiyo ndiyo ikashika. Siku hizi nyonga nyingi zinafika miaka 15, 20 na kupita. Kwa hiyo mtu asiwatishe ati chuma kitaoza ndani. Chuma hakina shida.

Shida iko chini. Yaani sisi maisha yetu yote yako chini, wazee wangu. Sigiri iko chini na mama anapika amekaa kwa kigoda, nguo tunafua tumeinama juu ya beseni, wageni wakija tunatandika mkeka, godoro la watoto liko chini, swala ni kusujudu, mama wa Kiganda anasalimia amepiga magoti, na choo, choo ndiyo kubwa kuliko yote, ni shimo na unachutama. Na hii nyonga mpya, wiki za kwanza, haitaki chini kabisa.

Nitawaambia ya mama yangu. Alipasuliwa vizuri, kidonda kikakauka vizuri, hospitali sitaitaja, wakatupa karatasi yenye picha, na kwa ile picha kulikuwa na choo cha kukaa. Hakuna mtu aliyemuuliza mama, nyumbani kwako choo ni cha namna gani? Hakuna. Na mimi nesi mzima sikuuliza, nilikuwa nimechoka na nilitaka tufike nyumbani, hiyo bado inaniuma. Wiki ya tano, alfajiri, mama akaona amepata nguvu, hakutaka kuniamsha, akaenda mwenyewe kwa choo cha nje kile cha mabati, akashika ukuta, akachutama. Nilisikia sauti yake tu. Nilimkuta amelala kwa ubavu, kandambili moja bado iko mguuni, na ule mguu wenye nyonga umekuwa mfupi kuliko mwenzake na umegeukia ndani. Mkiona mguu wa namna hiyo, mfupi, umegeuka, na mtu hawezi kusimama, nyonga imechomoka, msiuvute, msiukande, laza mtu juu ya godoro na godoro muweke kwa pikapu muende hospitali saa hiyo hiyo. Walimpa dawa ya usingizi wakaurudisha bila kupasua tena, lakini tulianza upya kama mtoto anayejifunza kusimama.

Kwa nini ilichomoka? Ukichutama goti linapita nyonga linakuja karibu na kifua, basi mpira unasukumwa nyuma, na nyuma ndiko daktari alipitia wakati wa kupasua, pale nyama bado hazijashikana. Ndiyo maana wanasema usikunje nyonga kupita digrii 90, ni kama kona ya ukuta na sakafu, usipite pale, na usikunje nne, usivukishe mguu juu ya mwingine, usigeuze vidole ndani, na ukilala weka mto katikati ya miguu. Wengi wanawekewa hayo masharti wiki 6, wengine mpaka miezi 3. Wapo wanaopasuliwa kupitia mbele na masharti yao ni tofauti, kwa hiyo kabla ya kutoka wodini muulize daktari, umepita wapi, na mimi nisifanye nini? Uliza kwa Kiswahili, kwa Luganda, kwa Lugbara, ni haki yako kuelewa.

Sasa angalieni hiki kiti nimekuja nacho. Ni kiti cha kawaida cha mbao, fundi amekata tundu hapa katikati, akasugua kingo na msasa isichome, akaongeza miguu kwa vipande vya mbao na misumari mirefu, unakiweka juu ya shimo la choo, kimeisha. Upande wa ukuta gongomea mti wa kushika. Hiki kiti kitengenezwe KABLA ya oparesheni, si baada, mgonjwa akirudi akikute. Na sigiri ipandishwe juu ya meza ya matofali, jikoni mwache mtu mwingine hizo wiki za mwanzo, na godoro la mgonjwa lipate kitanda, kama kitanda ni kifupi weka matofali chini ya miguu yake yote minne. Mkeka pia mkunje, woka, ile fremu ya kushikilia ukitembea, ama magongo yasinaswe.

Kuhusu swala, nimeongea na masheikh wetu wengi na mnajua wenyewe, mgonjwa anaswali kwa kiti, hilo halina ubishi, na ukiinama kwa rukuu inama kidogo tu. Na kuhusu magoti, hili nawaomba akina baba na akina mkwe, mama akirudi na nyonga mpya akawasalimia amesimama, msimwangalie kwa macho yale. Nimeona mama mmoja anajilazimisha kushuka kwa sababu ya aibu mbele ya wakwe, jasho linamtoka. Mwambieni mapema, mama kaa, tumepokea salamu yako.

Mazoezi sasa. Siku ile ile ama kesho yake watakusimamisha, usikatae, mtu anasema jamani nimekatwa jana mnanitesa, hapana, kulala ndiko kunaleta mateso. Ukiwa kitandani pinda kifundo cha mguu juu na chini, juu na chini, mara 10 kila saa, kaza paja, kaza makalio. Meza dawa ya maumivu kama nusu saa kabla ya mazoezi, si baada. Halafu kutembea, kidogo kidogo mara nyingi, leo mpaka mlangoni, kesho mpaka kwa mwembe. Unaanza na woka, unakuja kwa magongo, mwisho fimbo, na fimbo inashikwa na mkono wa upande MZIMA, si upande wa kidonda, hapo nusu yenu mnakosea, nimewaona barabarani. Ngazi, ukipanda mguu mzima unatangulia, ukishuka mguu mgonjwa unatangulia na fimbo yake.

Na damu kuganda, hii sitaki mtu atoke bila kuisikia. Baada ya nyonga damu inaweza kuganda ndani ya mguu, ndiyo maana wanakupa sindano za tumboni au vidonge, huwa inafika hata siku 35, usiache katikati ati nimepona. Mguu kuvimba kidogo miezi ya kwanza ni kawaida, lakini shavu la mguu likiuma, likawa moto, likakaza, nenda hospitali. Na hapa ndipo jirani anakuja na mafuta anasema lete nikukande. Usikubali hata kama anakupenda vipi! Lile donge la damu likitoka mguuni linakimbilia mapafu, mtu anashikwa na kifua, pumzi inakata, hapo ni dakika tu. Wala mtu asikuchanje na wembe karibu na kidonda kuweka dawa ya majani, vidudu vikifika kwa chuma kuviondoa ni vita, mara nyingine wanatoa nyonga yote. Hata jino bovu na mkojo unaochoma usikae navyo, tibu mapema, vidudu vinapita kwa damu.

Mzee pale ameinua mkono... ndiyo, anauliza boda. Baba yangu, boda si ya wiki hizo, kuinua mguu kupita siti ndiyo kuvunja yale masharti ya kukunja nyonga, na mama akikaa upande anakuwa amejipinda. Siku ya kutoka hospitali changeni mkodi gari, mgonjwa akae siti ya mbele imesukumwa nyuma na kulazwa kidogo, akalie mto, aingie na makalio kwanza halafu miguu yote miwili pamoja. Kwa taksi ya watu kumi na nne wanambana, magoti yanafika kidevuni.

Haya, mama wewe uliyekaa karibu na mlango, uliyesema unapasuliwa mwezi ujao, njoo hapa tupime hiki kiti. Simama hivi. Naona kimefika juu ya goti kama vidole vitatu, ni sawa. Shika huku na huku, mguu mgonjwa peleka mbele kwanza, sasa shuka polepole, mgongo wima. Umekaa. Fundi yuko hapo nje na futi yake, mwende naye nyumbani leo apime na choo.