Dawa ya Kifafa Huitambuaje Seli Iliyozidisha?

Ndugu zangu, nianze na swali. Mtu mwenye kifafa anameza kidonge. Dawa inaingia kwenye damu, inafika kwenye ubongo wenye seli za neva zipatazo bilioni 86, na inaenea kote: kwenye seli zinazomwezesha kuona, zinazotunza majina ya wanawe, zinazoendesha pumzi yake, na kwenye zile chache zinazowasha kifafa. Zote zinapata dawa ileile. Mbona basi mtu huyo anaamka, anafanya kazi, anazungumza kama kawaida, na kinachozuiliwa ni kifafa?

Wengi hujibu kwamba dawa hizi zinalaza ubongo. Zamani jibu hilo lilikuwa karibu na ukweli. Bromaidi, ambayo daktari Charles Locock aliizungumzia jijini London mwaka 1857, ilipunguza kifafa lakini ikamwacha mgonjwa mzito wa akili. Fenobabitali, ambayo Alfred Hauptmann wa Ujerumani aliandika mwaka 1912 kwamba inazuia kifafa, ilikuwa dawa ya usingizi. Kisha mwaka 1938, nchini Marekani, Houston Merritt na Tracy Putnam wakatangaza matokeo ya fenitoini, iliyozuia kifafa bila kumlaza mgonjwa. Hapo ikadhihirika kwamba kuzuia kifafa ni jambo moja na kulaza ubongo ni jambo jingine.

Tuingie ndani ya seli. Seli ya neva iliyotulia ina umeme hasi ndani yake, kiasi cha milivolti 70 chini ya nje. Ikichochewa vya kutosha, milango midogo ya protini kwenye utando wake hufunguka, sodiamu ikamiminika ndani, na umeme ukageuka kuwa chanya kwa muda wa milisekunde moja hivi. Huo ni mpigo mmoja. Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliueleza kwa hesabu mwaka 1952, kwa kutumia neva nene ya ngisi.

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri, maana kiini cha mambo kiko hapa. Mlango wa sodiamu una hali tatu. Kwanza, umefungwa lakini uko tayari. Pili, umefunguka. Tatu, umejikomea, na hata ukiusukuma vipi haufunguki mpaka seli irudi kwenye utulivu. Fenitoini, kabamazepini na lamotrijini hupenda kushika mlango uliojikomea, kisha huuchelewesha kurudi kuwa tayari. Seli inayopiga kwa kiasi ina milango michache iliyojikomea, kwa hiyo dawa haipati sana pa kushika. Seli ya kifafa hupiga mfululizo bila kupumzika. Milango yake hujikomea tena na tena, na kila mara dawa inanasa mingine. Mipigo ya mwanzo inapita, inayofuata inakatika. Kwa hiyo dawa haijui lolote kuhusu kifafa. Ni kasi ya seli yenyewe inayoiweka wazi mbele ya dawa. Kwangu mimi, hili ni mojawapo ya mambo ya kupendeza kuliko yote katika elimu ya dawa.

Dawa nyingine hupitia upande wa kutuliza. Ubongo una kemikali yake ya kutuliza, GABA, inayofungua milango ya kloraidi na kuifanya seli iwe ngumu kuchochewa. Diazepamu huongeza mara ambazo milango hiyo inafunguka. Fenobabitali huirefushia muda wa kukaa wazi. Njia hii haibagui sana, na ndiyo sababu dawa hizi huleta usingizi. Tena zina jambo la saa: kifafa kikiendelea bila kukoma, seli huanza kuvivuta ndani vipokezi vyake vya GABA, yaani protini zinazoipokea kemikali hiyo, na diazepamu hupungua nguvu. Ndiyo maana kifafa kinachopita dakika 5 ni dharura. Na mtu aliyezoea fenobabitali kwa muda mrefu akiiacha ghafla, ubongo uliokuwa umejirekebisha kwa sababu ya dawa unabaki bila breki, na kifafa kinaweza kurudi kikali kuliko awali. Dozi hupunguzwa polepole, chini ya uangalizi wa daktari.

Kuna kifafa kingine ambacho watu hawakioni: mtoto anaduwaa sekunde chache, macho yamekodoa, kisha anaendelea na alichokuwa akifanya. Hapa seli za thalamasi, sehemu iliyo katikati ya ubongo, na za gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, zinapiga kwa pamoja, mawimbi matatu hivi kwa sekunde, na milango inayohusika zaidi ni ya kalsiamu. Ethosuksimidi huizuia hiyo. Kabamazepini haiwezi, mara nyingine huongeza kuduwaa. Mzazi huona dawa ya kifafa inazidisha kifafa akadhani amepewa sumu, kumbe ni dawa nzuri iliyopelekwa kwenye mlango usio wake.

Kwa hiyo ukiwa karibu na mtu kifafa kinapomshika, tazama saa, na tazama kilichoanza: mkono mmoja, macho, au mwili mzima. Daktari atakuuliza hayo kabla ya kuandika jina la dawa, na mara nyingi mgonjwa mwenyewe hawezi kumjibu.