Usiifunge Kwaresima Peke Yako

Tumsifu Yesu Kristo! Haya, mmeitikia, nimewasikia mpaka wa nyuma. Karibuni tena. Na nyie ndugu zangu Waislamu mnaonifuatilia, msiondoke. Leo tunaongelea kufunga kwetu kwa Kwaresima, kile kipindi cha kujiandaa kwa Pasaka, na kwenye kufunga mna mengi ya kutufundisha.

Meseji zilizojaa kwenye simu yangu tangu Jumatano ya Majivu, siku Kwaresima ilipoanza, karibu zote zinauliza kitu kimoja: "Dada, mwaka huu umeacha nini?" Mmoja kaacha sukari, mwingine pombe, mwingine kaniambia kaacha mitandao ya kijamii, na ujumbe wenyewe kautuma kwenye mtandao wa kijamii, sijui nimwambie nini. Sina ugomvi na kuacha vitu. Kujinyima kumo kwenye Kwaresima tangu enzi. Ila swali lenyewe linanikera kidogo, kwa sababu linachukulia kwamba Kwaresima ni jambo la mtu na nafsi yake: unachagua chako, unahangaika nacho kimya kimya, Pasaka ikifika unajipima umefaulu au umefeli. Na sisi wa ughaibuni ndio tunaonasa upesi kwenye huo mtego, maana huku kila mtu na mlango wake. Unatoka kazini usiku, unaingia ndani, hakuna wa kukuuliza umekula au umeshinda njaa. Ukifunga, umefunga. Usipofunga, nani anajua?

Sasa chukueni somo la kwanza la Jumatano ya Majivu, lile la nabii Yoeli. Wengi tunalikumbuka kwa mstari mmoja: "rarueni mioyo yenu, wala si mavazi yenu." Endeleeni mbele kidogo. Nabii anaagiza tarumbeta ipigwe Sayuni na watu wote waitwe. Wazee waje, watoto waje, hata wanaonyonya. Bwana arusi atoke chumbani mwake, na bibi arusi naye atoke. Yaani hata maharusi hawakuachwa na fungate yao! Kwa Yoeli, saumu inatangazwa kwa tarumbeta na kijiji kizima kinaamka.

Najua kuna mtu kashaanza kuniandikia: "Mbona Injili ya siku hiyohiyo, Mathayo sura ya 6, Yesu anasema ukisali ingia chumbani ufunge mlango?" Kweli kabisa. Anachokemea pale ni maonyesho, watu wa kukunja sura ili waonekane wamefunga. Kanisa limeyaweka masomo hayo mawili kwenye Misa moja, na mimi naona hapo tumepewa kazi mbili: tukusanyike, halafu tusijionyeshe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia, kwenye hati yake ya liturujia, yaani ibada za Kanisa, ya mwaka 1963, ulisema waziwazi kwamba toba ya Kwaresima isiishie ndani ya moyo wa mtu mmoja, iwe pia ya nje na ya jamii.

Tazameni majivu yenyewe yanatoka wapi. Ni matawi ya Dominika ya Matawi ya mwaka uliopita. Kila mtu aliondoka na lake, likakaa mwaka mzima nyuma ya msalaba sebuleni au limechomekwa kwenye fremu ya picha, likakauka, likapauka. Kwaresima inapokaribia paroko anatangaza yarudishwe. Kwetu linawekwa kapu mlangoni mwa kanisa, na ukichungulia ndani unaona matawi ya kila namna, mengine yamesukwa msalaba, mengine yamevunjika vipande. Yanachomwa pamoja. Kwa hiyo unachopakwa kwenye paji la uso hakina mwenyewe, huwezi kujua ni cha tawi la nani. Na foleni ya majivu haina wa mbele wala wa nyuma. Padre naye hupakwa. Hata asiyebatizwa akitaka kupokea majivu anapokea, hayana masharti kama ya Komunyo. Kuna nchi ambako huchorwa msalaba kwenye paji, na kuna nchi, Italia mojawapo, ambako hunyunyiziwa utosini. Ukihama nchi usishangae, majivu ni yaleyale.

Nipite haraka kwenye sheria, kwa sababu mmeniuliza sana. Siku za kufunga kwa lazima ni mbili tu: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Zinawahusu wenye miaka 18 mpaka mwanzo wa mwaka wa 60. Kufunga hapo maana yake mlo mmoja kamili, na vidogo viwili ambavyo vikijumlishwa havifikii mlo kamili. Kujinyima nyama siku hizo mbili na Ijumaa za Kwaresima ni kuanzia miaka 14. Mgonjwa, mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kazi ya sulubu, hadaiwi kujiumiza. Na Dominika si siku za kufunga. Ukihesabu kutoka Jumatano ya Majivu mpaka Jumamosi Kuu unapata siku 46, toa Dominika 6, zinabaki 40. Jambo moja kwa wenzangu wa ughaibuni: Baraza la Maaskofu la kila nchi lina mamlaka ya kupanga baadhi ya haya, kwa hiyo fuata utaratibu wa mahali unapoishi. Usiniletee hoja ya "kwetu tulikuwa tunafanya hivi" kila Ijumaa.

Sasa nifike kwenye kinachonichangamsha zaidi. Wakatekumeni, yaani watu wanaojiandaa kubatizwa.

Wengi wetu tuliobatizwa tukiwa wachanga tunasahau kwamba Kwaresima kwa sehemu kubwa ilikua kwa ajili yao. Katika Kanisa la karne za mwanzo, watu wazima walibatizwa usiku wa Pasaka, na majuma ya mwisho kabla ya hapo yalikuwa ya kufunga, kufundishwa na kuombewa. Walikuwepo pia watubu, waliosubiri kupatanishwa na Kanisa. Waamini wengine wakajiunga nao kuwasindikiza, na polepole kipindi kikawa cha wote. Mpango huo wa hatua kwa hatua ulirudishwa rasmi mwaka 1972, baada ya Mtaguso. Ndiyo maana Dominika ya kwanza ya Kwaresima wakatekumeni huandikishwa majina, mara nyingi mbele ya askofu kwenye kanisa kuu. Kisha Dominika ya tatu, ya nne na ya tano huitwa mbele ya altare na kuombewa, na Injili zake si za mchezo: mwanamke Msamaria kisimani, kipofu tangu kuzaliwa, na Lazaro kutoka kaburini. Mwaka 2026 ni Mwaka A katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa, kwa hiyo parokia zote zinasikia Injili hizo hizo. Miaka mingine, parokia yenye wakatekumeni inaweza kuzitumia bado.

Kwetu mwaka huu wapo. Wanapiga magoti, na nyuma ya kila mmoja anasimama msimamizi wake, mkono wa kulia begani kwake. Mmoja ni kijana ambaye nyumbani kwao hawana dini yoyote, na wazazi wake walikuja wakakaa kiti cha mwisho kabisa, mama amekumbatia mkoba, anasimama watu wakisimama, anakaa watu wakikaa, anachelewa kidogo kila mara. Katekista wetu alifanya jambo ambalo natamani kila parokia ilifanye. Baada ya Misa aligawa vikaratasi, kila familia na kila mtu anayeishi peke yake akapata jina la mkatekumeni mmoja wa kumwombea mpaka Pasaka. Changu kiko kwenye pochi, kimeshaanza kuchakaa kwenye mikunjo. Siwezi kumtaja hapa, ila nawaambia, njaa ya Ijumaa ikibana nikikumbuka lile jina, akili inatoka kwenye tumbo langu. Sasa kufunga kwangu kuna mtu. Ndiyo maana lile swali la umeacha nini nimelichoka. Niulizeni nafunga kwa ajili ya nani, hapo tutaongea.

Kuna kitu kingine cha Kwaresima ambacho kamera haiwezi kukionyesha, nacho ni sauti. Wimbo wa Utukufu hauimbwi Dominika za Kwaresima, Aleluya imefichwa mpaka Mkesha wa Pasaka, maua hayawekwi altareni, na vinanda vinaruhusiwa kusindikiza uimbaji tu, visipigwe peke yake. Dominika ya nne ndiyo inapumua kidogo, maua yanarudi, na padre anaweza kuvaa ile rangi ya waridi. Kwetu kinanda hakipigwi kabisa siku nyingine. Basi unasikia watu. Ninapokaa kuna mzee anayechelewa kila mstari, na kuna mama anayeimba kwa lugha yake mwenyewe huku sisi tukiimba nyingine, wala hakuna anayegeuka. Siku za kinanda nisingewahi kujua kama wapo.

Njia ya Msalaba je, ile ibada ya kupita kituo kwa kituo tukikumbuka mateso ya Yesu? Hii nadhani wenzangu wa mbali tuishike sana, kwa sababu yenyewe ni ibada ya watu walio mbali. Mahujaji walikwenda Yerusalemu kuifuata njia aliyopita Bwana. Wasioweza kufika wakatengenezewa vituo makwao. Wafransisko, waliokabidhiwa ulinzi wa mahali patakatifu mwaka 1342, ndio walioieneza sana, na mwaka 1731 Papa Klementi wa Kumi na Mbili akathibitisha vituo viwe 14. Kwa hiyo ukijisikia vibaya kwamba huwezi kuwa pale moyo wako ulipo, ibada hii ilitungwa kwa ajili ya mtu kama wewe.

Na kituo cha tano! Simoni Mkirene. Kirene iko Afrika ya Kaskazini, Libya ya leo. Marko anasema alikuwa anapita tu, anatoka shamba, wakamshurutisha abebe msalaba. Hakujitolea, tusimpambe. Mtu kapita zake, kashikwa, kapewa mzigo wa mtu asiyemjua. Lakini Marko anaongeza neno la ajabu: kwamba huyu ni baba yao Aleksanda na Rufo. Huwezi kumtambulisha mtu kwa wanawe kama wasikilizaji hawawajui wanawe. Ina maana, na wachambuzi wengi wa Maandiko wanaona hivyo, watoto wa yule mpita njia walikuwa wanajulikana kwenye jumuiya ya Marko. Paulo naye anamsalimu Rufo mmoja kwenye Warumi 16, huenda ni yuleyule. Mgeni aliyelazimishwa, halafu wanawe wakawa watu wa nyumbani. Nikifika kituo hicho huwa natamani kiongozi wa sala asituharakishe.

Kuhusu kitubio, kuna dada kaniandikia kwamba ana muda mrefu hajaungama kwa sababu lugha ya huko aliko haimtoki vizuri, na anaogopa kuongea vibaya mbele ya padre. Dada yangu, sikiliza. Kwanza, uliza jimboni. Miji mingi mikubwa ina padre anayejua lugha yako. Pili, sheria ya Kanisa inakuruhusu kuungama kupitia mkalimani, kanuni ya 990, na huyo mkalimani naye ana wajibu wa kutunza siri. Tatu, padre hasahihishi sarufi. Siku parokia inapoalika mapadre wengi kwa ibada ya toba ya pamoja, nenda. Mnasikiliza Neno pamoja, mnatafakari dhamiri pamoja, kisha kila mmoja anakwenda kwa padre peke yake na wengine wanabaki kwenye viti wakisali. Kuna faraja kubwa kukaa kwenye kiti ukijua safu nzima iko kwenye foleni ileile.

Sadaka sitaiongelea sana, mnajua. Isaya 58 imeshamaliza kila kitu: saumu anayoitaka Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula chako na kumkaribisha maskini asiye na kwake. Nitasema tu kwamba parokia yoyote duniani ina orodha ya wagonjwa na wazee wasioweza kutoka, na anayewapelekea Komunyo mara nyingi ni mtu mmoja au wawili waliochoka. Kamuulize paroko kama anahitaji wa kumsindikiza, hata kama kazi yako itakuwa kuendesha gari tu.

Kwa kalenda ya liturujia Kwaresima inaisha Alhamisi Kuu jioni kabla ya Misa ya Karamu ya Bwana, ingawa ile hesabu ya siku 40 inafika Jumamosi Kuu, na hapo tunaingia siku tatu kuu. Kuhusu Mkesha wa Pasaka, moto, mshumaa na ubatizo wa hao wakatekumeni, nitafanya video yake, Mungu akipenda, na nitaomba ruhusa kwa paroko nirekodi kwa nje. Mwenye swali aliache hapo chini. Sasa niwaache, maana leo Ijumaa ni zamu yangu kugawa vitabu vya Njia ya Msalaba na wenye funguo hawajawahi kufika kwa wakati.