Kadi Haifutwi Leo

Wadogo zangu, asanteni kwa kunialika. Najua wengi mmekuja na laptopu mkitegemea nifungue programu nianze kukata video. Tutakata, ila baadaye kidogo. Kwanza nataka tuzungumzie kile kipande cha kazi ambacho hakuna mteja anayekilipia: tangu kadi ya kumbukumbu inapochomolewa kwenye kamera mpaka klipu ya kwanza inapokaa kwenye taimulaini, ule mstari wa programu tunapopanga na kukata klipu. Kazi nilizoziona zikiharibika mikononi mwa wahariri, nyingi ziliharibikia hapo.

Na ya kwangu ilikuwa mojawapo. Nilipiga video ya harusi Tanga. Bibi yake bwana harusi alikuwa mgonjwa, hakuweza kwenda ukumbini, kwa hiyo maharusi wakapitia nyumbani kwake kuomba dua. Bibi ameketi kwenye mkeka, ameegemea ukuta, ameshika viganja vya bibi harusi kwa mikono yake miwili. Aliomba kwa sauti ndogo sana, nikasogeza maikrofoni mpaka karibu na ukingo wa khanga yake. Dakika nane hivi.

Usiku nikaanza kuhamisha kadi kwenda kwenye diski ya nje. Umeme ukakatika. Betri ya laptopu ilikuwa imeshakufa siku nyingi, mashine ikazima hapo hapo. Umeme uliporudi nikafungua folda: majina yote yapo, ukubwa wa kila faili unasomeka vizuri. Nikaridhika. Kesho yake nikafomati kadi nikaenda kupiga shughuli nyingine juu yake. Wiki moja baadaye, nilipokaa kuediti, klipu ya dua haikufunguka. Jina lilikuwepo, ndani hamna picha. Bibi alifariki kabla ya mwaka kwisha, na familia ikanipigia simu kuomba kile kipande. Mpaka leo nikipita mtaa ule naangalia chini.

Kwa hiyo nisikilizeni kwa makini. Kuona jina la faili si ushahidi kwamba faili limefika. Kompyuta ikianza kunakili inaweza kutenga nafasi nzima ya faili mapema, ndiyo maana ukubwa unaonekana kamili hata kazi ikikatikia njiani. Ushahidi unapatikana kwa kuchukua alama ya dole gumba ya faili. Kila faili, ukilipitisha kwenye hesabu maalumu kama MD5 au xxHash, linatoa mfuatano wa herufi na tarakimu. Ule wa MD5 una urefu wa 32. Ikibadilika biti moja tu, kile kipande kidogo kabisa cha data, mfuatano unageuka wote. Unachukua alama ya faili lililo kwenye kadi na ya lile lililo kwenye diski, unalinganisha. Zikifanana, mzigo umefika. Zipo programu za kunakili zinazofanya hivyo zenyewe. DaVinci Resolve, programu ya kuediti, hata ile ya bure, ina sehemu ya kuhamisha kadi kwa kulinganisha alama hizo. Itumieni. Inachelewesha kidogo, basi nendeni mkanywe chai.

Halafu nakala ziwe tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, na moja ilale nyumba nyingine. Diski mbili ndani ya begi moja ni kama diski moja, kwa sababu mwizi anabeba begi. Mwaka 1998 kampuni ya Pixar ilikuwa inatengeneza Toy Story 2, mtu akatoa amri ya kufuta kwenye kompyuta zao, na kazi ikaanza kutoweka mbele ya macho yao. Utaratibu wa nakala rudufu walikuwa nao, lakini ulipohitajika ikagundulika haukuwa unafanya kazi. Aliyewaokoa ni Galyn Susman, mkurugenzi wa ufundi wa filamu hiyo, ambaye alikuwa amejifungua na anafanyia kazi nyumbani. Kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na nakala. Waliifungia mablanketi ndani ya gari wakaendesha polepole. Kama kampuni kubwa vile iliokolewa na nyumba ya mzazi, nanyi pelekeni diski ya tatu kwa mama.

Wazee waliotutangulia waliliheshimu jambo hili kuliko sisi. Enzi za filamu ya utepe, negativu iliyotoka kwenye kamera haikuguswa na mhariri. Ilihifadhiwa maabara, mhariri alipewa nakala ya kazi, akaikata, akaibandika, akaichubua atakavyo. Alipomaliza, fundi mwingine mwenye glavu nyeupe alisoma namba zilizochapwa pembeni mwa utepe, akaikata negativu kufuata uamuzi ule. Zikaja kanda za video, tukaanza kunakili kanda kwa kanda, na kila kizazi cha nakala kikawa na ukungu zaidi ya mama yake. Mliokulia kwenye VHS mnakumbuka zile nyuso zenye rangi zinazovuja.

Kompyuta imeturudisha kwenye heshima ya zamani. Ukikata klipu kwenye taimulaini, faili la kamera halijakatwa. Faili la mradi wako ni maelekezo tu: chukua klipu fulani, anzia saa fulani, ishia fremu fulani, yaani moja ya picha zinazounda video. Ndiyo maana ukihamisha folda au ukibadilisha jina la klipu katikati ya kazi, skrini inakuwa nyekundu: maelekezo yapo, mzigo haujulikani uliko.

Hapo ndipo proksi, yaani nakala nyepesi ya klipu kwa ajili ya kukatia, inapoingia, na hii niikalie kidogo kwa sababu ndiyo ukombozi wa mwenye laptopu ya kawaida. Fremu moja ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2, na kila nukta inabeba namba tatu za rangi. Bila kubanwa, fremu moja ni kama megabaiti 6, na kwa fremu 25 kila sekunde, saa moja inapita gigabaiti 550. Hakuna kadi yetu inayoweza hilo, kwa hiyo kamera inabana. Katika H.264, njia ya kubana video, kamera inahifadhi fremu moja nzima, halafu zinazofuata inaandika mabadiliko tu, kama mtu anayekuhadithia picha kwa simu: pale pale pa jana, ila mzee amehamia kushoto. Kwa kutazama, inatosha. Kwa kuediti ni mateso, maana kila unaporuka mahali, mashine inatafuta fremu nzima ya karibu na kupiga hesabu upya. Laptopu inapiga kelele, picha inaganda, nanyi mnadhani mnahitaji mashine mpya.

Tengenezeni proksi. ProRes Proxy, aina ya faili la video kwa kazi hii, ya 1080 kwa fremu 25 inakula kama gigabaiti 17 kwa saa, na kila fremu imesimama peke yake, kwa hiyo hata mashine ya miaka saba inateleza. Mnakata kwa proksi, mwisho mnairudisha programu kwenye faili za asili kabla ya rangi na kutoa kazi. Masharti ni machache lakini hayana msamaha: jina lilelile, taimukodi (namba za saa za kila fremu) ileile, idadi ileile ya fremu kwa sekunde. Na mzigo wa asili usipitishwe kwenye WhatsApp kama video. Inabanwa upya, na kilichobanwa hakirudi. Itumeni kama hati, au mtu apande daladala na diski.

Nimetaja fremu 25, na najua humu wengi mnapiga kwa 30 kwa sababu simu ilikuja hivyo. Umeme wetu ni wa 50 Hz, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Shata, yaani muda kila fremu inapopokea mwanga, ikiwa 1/50 ya sekunde, kila fremu inachukua mipepeso miwili kamili, mwanga unatulia. Ikiwa 1/60, kila fremu inapata sehemu tofauti, ndiyo ile mistari inayotembea ukutani ukumbini. Tena simu nyingi hazishiki idadi moja ya fremu. Zinapanda na kushuka, na sauti iliyorekodiwa kando inaanza kukimbiana na midomo ukifika nusu saa. Kabla ya kuingiza kwenye mradi, ipitisheni kwenye HandBrake au FFmpeg, programu za kugeuza faili za video, zote za bure, mchague fremu zisizobadilika.

Sauti nitaisema kwa sentensi moja tu, maana dada aliyenitangulia ameifundisha vizuri: usipime kwa masikio yaliyochoka, pima kwa kipimo, na kwa televisheni zinazofuata kiwango cha Ulaya lengo ni −23 LUFS, kizio cha ukubwa wa sauti.

Rangi. Picha ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi, ya biti 10 ina 1024. Ndiyo sababu mbingu ya jioni pale Coco Beach, ukiipiga kwa biti 8, inapasuka mistari ukiivuta sana. Lakini ninalotaka mlishike ni ngozi. Fungueni vektaskopu, ule mduara wa kupimia rangi za picha. Wekeni uso wa binti wa Kimakonde mweusi tititi, kisha uso wa Mzungu. Zote mbili zitaangukia karibu na mstari mmoja, kwa sababu kinachotoa rangi ile kwa wote ni vitu vilevile, melanini na damu iliyo chini ya ngozi. Wanachotofautiana sana ni mwanga. Basi mtu akiwaambia ngozi nyeusi ni ngumu kurekebisha, mwonyesheni ule mstari, halafu mwulizeni taa aliiweka wapi. Msiwang'arishe watu wetu mpaka wageuke majivu. Yule bibi wa Tanga alikuwa na rangi ya kahawa iliyoiva, na kwenye kioo cha kamera yangu siku ile ilionekana vilevile.

Haya. Kadi za jana ziko hapa mezani, zote bado zina mzigo. Diski ni tatu, mbili zitabaki hapa, moja naondoka nayo. Kaka uliye karibu na soketi, chomeka ile UPS, betri ya akiba, kwanza, uhakikishe taa yake imewaka. Tunaanza na kadi namba moja.