Mgonjwa wa vidonda vya tumbo mikononi mwa muuguzi

Wakufunzi, wauguzi wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, habari za asubuhi. Sogeeni mbele, viti vipo.

Nimeombwa nizungumzie uuguzi wa wagonjwa wenye matatizo ya mfuko wa chakula na duodeni. Duodeni, kwa walio mwaka wa kwanza, ni kile kipande cha mwanzo cha utumbo mwembamba ambacho chakula hukiingia kikitoka tu kwenye mfuko. Kina urefu wa kama sentimita 25 hivi, lakini kwa udogo wake kinatusumbua sana. Magonjwa ni mengi na saa yetu ni moja, kwa hiyo nitakaa kwenye vidonda, na ndani ya vidonda nitakaa zaidi kwenye kutoka damu. Hapo ndipo mgonjwa anaweza kutuponyoka huku chati ikionyesha kila kitu kiko sawa.

Kwanza chanzo, maana ushauri wote tunaompa mgonjwa unategemea tunaamini nini kimemletea kidonda. Kwa miaka mingi watu waliambiwa ni mawazo, hasira na pilipili. Halafu mwaka 1982, mjini Perth, Australia, madaktari Robin Warren na Barry Marshall wakafanikiwa kumwotesha maabara bakteria anayeishi kwenye ute wa mfuko wa chakula, ambaye leo tunamwita Helicobacter pylori. Wengi hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall akanywa mwenyewe mchanganyiko wenye bakteria hao, na siku chache baadaye akawa anatapika. Watu hupenda kusimulia kwamba alipata kidonda. Hapana, alipata uvimbe wa ukuta wa mfuko, na hilo lilitosha kuonyesha kwamba bakteria huyu anaweza kuushambulia mfuko uliokuwa mzima. Mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel wote wawili.

Chanzo cha pili tunakigawa sisi wenyewe kwa mikono yetu: dawa za maumivu za kundi la aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Ukuta wa mfuko hujilinda dhidi ya asidi kwa ute na kwa damu inayopita vizuri chini yake, na ulinzi huo unategemea kemikali ziitwazo prostaglandini. Dawa hizi huzima utengenezaji wa kemikali hizo, goti likapoa na tumbo likabaki wazi. Nasikia watu wakisema, "Huyu ana vidonda, basi tumpe diklofenaki ya sindano." Sindano haimwokoi. Dawa ikishaingia kwenye damu, huufikia ukuta wa mfuko vilevile, iwe imepitia mdomoni, msulini au njia ya haja kubwa.

Pilipili na mawazo huyachochea maumivu kwa baadhi ya watu, sikatai. Sigara huchelewesha kidonda kupona. Lakini ukimwacha mgonjwa aende nyumbani akiamini kwamba kuacha pilipili ndiyo tiba, umempoteza.

Sasa njoo kitandani. Mama wa miaka sitini na kitu amelazwa kwa uchovu na kizunguzungu. Kwenye fomu ya mapokezi kuna sehemu ya dawa anazotumia, imeandikwa "hakuna". Aliyejaza aliuliza swali ambalo sote tunauliza: "Mama, kuna dawa yoyote unatumia?" Akajibu hapana, na hakudanganya. Kwake dawa ni ile anayoandikiwa na daktari. Vidonge vya magoti anavyonunua mwenyewe si dawa, ni vidonge vya magoti. Muulize hivi: "Mama, magoti yakikusumbua unafanyaje? Kichwa kikiuma? Mgongo je? Mara ya mwisho lini?" Kisha mwombe nduguye alete kila kidonge kilichoko nyumbani, hata vile visivyo na boksi. Mara nyingi utambuzi unakuja ndani ya mfuko wa plastiki.

Uliza pia saa. Kidonda cha duodeni kwa kawaida huuma tumbo likiwa tupu, saa mbili tatu baada ya kula au usiku wa manane, na chakula hukituliza. Cha mfuko wa chakula mara nyingi huuma mara tu baada ya kula, hivyo mgonjwa anaanza kukiogopa chakula na anakonda. Wasiofuata kitabu ni wengi, kwa hiyo saa ni dokezo tu, andika kisha endelea kuchunguza. Wazee wanaotumia dawa za maumivu wanaweza wasisikie chochote mpaka siku wanapotapika damu.

Na hapa niweke onyo. Mtu anayeshika chembe ya moyo, anatoka jasho, anasema tumbo linaniunguza, hasa akiwa mzee au ana kisukari, apimwe moyo kwanza. Mshtuko wa moyo huweza kujificha kabisa kwenye "vidonda vyangu vimeamka". Kipimo cha umeme wa moyo kinachukua dakika chache tu.

Tuje kwenye damu. Naanza na choo, na naona mmeshaanza kucheka. Chekeni, lakini siku mtakapokuwa zamu ya usiku peke yenu mtaukumbuka ucheshi huu. Damu iliyotoka juu ikapita utumbo mzima hutoka nyeusi, inang'aa, inanata kama lami, na harufu yake ukishaikuta mara moja hutahitaji kuelezwa tena. Choo cha mtu anayemeza vidonge vya madini ya chuma nacho huwa cheusi, lakini kwa kawaida kimeshikana, kina rangi ya kijani kwa mbali, na hakina ile harufu. Dawa ya bismuthi inayotolewa kwa vidonda nayo hukifanya choo kiwe cheusi, na ulimi pia. Kwa hiyo usiandike "choo cheusi" ukaondoka. Kiangalie mwenyewe, usimwachie mhudumu akimwage, kisha andika kinavyoonekana, kiasi, saa, na kama mgonjwa anatumia madini ya chuma au bismuthi. Matapishi ni hivyohivyo: damu mbichi nyekundu ina maana moja, na yale ya kahawia yenye chengachenga yanaonyesha damu iliyokaa kwenye asidi kwa muda. Yote mawili yaripotiwe.

Kosa ninaloliona mara kwa mara wodini ni kuiamini presha. Mtu mzima aliyekuwa na afya anaweza kupoteza karibu lita nzima ya damu na akiwa amelala presha yake ikasomeka kawaida. Mwili wake unabana mishipa na kuongeza mapigo ili kuificha hasara. Kwa hiyo kinachopanda kabla ya presha kushuka ni mapigo. Shika kifundo cha mkono kwa vidole vyako, usitegemee mashine pekee. Mapigo yamevuka mia? Yalikuwa themanini saa iliyopita? Ngozi imepoa na ina unyevu? Mgonjwa anahangaika, anavua shuka, anasema ana kiu? Huyo anatoka damu, hata kama chati inasema 118 kwa 76. Halafu kuna mgonjwa anayetumia dawa za presha au moyo zinazopunguza mapigo, kama atenololi au propranololi. Mapigo yake hayatapanda hata akiishiwa damu, hivyo huyo mwangalie ngozi, akili na mkojo.

Himoglobini ya kwanza, kile kipimo cha wingi wa damu, nayo hudanganya. Anayetoka damu hupoteza maji na chembe kwa pamoja, kwa hiyo kile kilichobaki kina uwiano uleule. Mpaka maji yaingie kwenye mishipa, jambo linalochukua saa kadhaa, ndipo kipimo kitashuka.

Mnafanya nini sasa? Mwite daktari huku unafanya kazi. Mlaze, na kama anatapika mlaze ubavu ili asivute damu kwenye mapafu. Mashine ya kufyonza iwe karibu na iwe imejaribiwa. Kanula mbili nene, yaani vile vimrija vya kuwekea dripu mshipani, namba 16 au 18, moja kila mkono, na uziweke mapema mishipa ikiwa bado inaonekana. Chukua damu ya kupima kundi na kulinganisha. Asile wala asinywe. Mwekee katheta, yaani mrija wa mkojo, maana mkojo ukishuka chini ya nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa, figo hazipati damu ya kutosha. Pima mapigo na presha kila dakika 15 mpaka atulie.

Damu ya kuongezewa kwa wagonjwa wengi huanza himoglobini ikishuka chini ya gramu 7 kwa desilita, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo huanza mapema zaidi. Anayemwagika damu mbele ya macho yako hasubiri namba. Ihakikini damu watu wawili, na dakika 15 za mwanzo ukae naye. Ndugu zake nao wanaogopa, maana damu hata kidogo sakafuni huonekana nyingi. Waambie kinachofanyika kwa maneno mafupi, funika matapishi, badilisha shuka. Mgonjwa anayeona shuka jekundu anazidi kuhangaika.

Akienda kwenye endoskopi, yaani kuangaliwa tumboni kwa mrija wenye kamera, inatakiwa iwe ndani ya saa 24 kwa waliolazwa kwa kutoka damu. Akirudi, koo lake bado lina ganzi. Asipewe hata tone la maji mpaka umehakikisha anameza vizuri. Hatari ya kutoka damu upya ni kubwa zaidi katika saa 72 za mwanzo, kwa hiyo anayesema "nimepona, nataka kwenda nyumbani" siku ya pili, kaa naye umweleze kwa upole.

Kutoboka kwa kidonda nako ni dharura, ila sura yake ni tofauti. Maumivu huja ghafla, kiasi kwamba mgonjwa anaweza kukutajia dakika yalipoanza. Analala kimya bila kujigeuza, anapumua kwa juujuu, tumbo limekakamaa, na wengine wanasikia maumivu hadi begani. Wengi huchanganyikiwa pale ambapo saa chache baadaye maumivu hupungua. Mgonjwa anatabasamu, ndugu wanashukuru, na wewe usishukuru bado, kwa kuwa ndani maambukizi yanasambaa. Asipewe kitu mdomoni, awekewe dripu na mrija wa pua wa kunyonya tumbo, antibiotiki zianze, daktari wa upasuaji aitwe. Na apewe dawa kali ya maumivu. Ile imani ya kumnyima ili "tusifiche dalili" ilishapitwa na wakati.

Kuziba kwa njia ya kutokea mfukoni nitakupitia haraka. Anatapika chakula alichokula jana, hakina nyongo, na anapoteza asidi na potasiamu kwa wingi. Pima unachofyonza kwenye mrija mililita kwa mililita, kwa sababu dripu itapangwa kwa hesabu yako.

Kuhusu mrija wenyewe: pima kutoka puani hadi ndewe ya sikio, kisha hadi ncha ya mfupa wa kifua. Kuhakikisha uko mahali pake, vuta majimaji upime asidi. Kipimo cha asidi (pH) cha 5.5 au chini yake kinakutosha. Kupuliza hewa na kusikiliza kwa stetoskopu si uhakika, acheni. Anayetumia omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, anaweza kusoma juu zaidi, huyo apigwe picha ya eksirei. Na mrija aliowekewa mgonjwa wakati wa upasuaji wa mfuko wa chakula usiusukume wala kuuvuta, maana ncha yake imelala karibu na nyuzi.

Siku ya kwenda nyumbani, usimkabidhi dawa kama mzigo wa duka. Omeprazoli imezwe nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa, kwa kuwa hufanya kazi vizuri inapokuta pampu za asidi zinaanza kuamka na chakula. Tiba ya bakteria kwa kawaida ni siku 14, mara mbili kwa siku au zaidi, vidonge vingi, na kama kuna antibiotiki ya klaritromaisini mdomo utakuwa na ladha ya chuma. Mwambie hilo mapema, la sivyo ataacha siku ya nne. Kama amepewa antibiotiki ya metronidazoli, asiguse pombe. Chakula ale anachokiweza, asishinde na njaa. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi kisha huchochea asidi, hivyo kuishi kwa maziwa si tiba. Kipimo cha kuhakikisha bakteria amekwisha kifanyike wiki 4 au zaidi baada ya antibiotiki, na omeprazoli iwe imesimama kwa wiki 2, maana huweza kuficha bakteria aliyebaki.

Nina nafasi ya swali moja. Ndiyo, dada uliyenyoosha mkono.

Anauliza juu ya mgonjwa aliyekatwa sehemu ya mfuko, ambaye kila akila, baada ya dakika kama 20 moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, tumbo linamsokota na anataka kulala. Chakula kinaporomoka utumboni kabla hakijasagwa na kinavuta maji kutoka kwenye damu. Apewe milo midogo mara sita kwa siku, apunguze sukari na vinywaji vitamu, aongeze protini, na maji anywe nusu saa kabla au baada ya chakula, si pamoja nacho. Akijilaza kidogo baada ya kula humsaidia. Ikiwa anazimia saa mbili hivi baada ya kula, hiyo ni sukari imeshuka, mpime papo hapo. Na kwenye faili lake andika kwa kalamu nzito kwamba anahitaji kufuatiliwa vitamini B12. Akiba ya vitamini hiyo iliyo kwenye ini huweza kuuficha upungufu kwa miaka, na aliyeondolewa mfuko wote anahitaji sindano zake maisha yake yote.