Jiwe na jirani zake

Asante mwenyekiti, na asanteni nyote mliorudi baada ya chai. Viti vya mbele vitupu kama ada yetu. Sogeeni, siumi. Leo nazungumzia upigaji picha wa makaburi ya kale ya mawe huko Ireland.

Picha ya kwanza, tafadhali. Hii ni Poulnabrone, huko Clare, magharibi mwa Ireland. Mawe yamesimama wima, na juu yake limelazwa bapa moja kubwa. Jengo la namna hii wataalamu huliita dolmeni. Kwa maneno yetu ni kaburi lililobaki mifupa yake ya mawe. Sasa niambieni, mtu akisimama pale kichwa chake kitafika wapi? Bwana wa nyuma anasema hata nusu hafiki. Nami nilidhani hivyohivyo. Nilipofika nikakuta lile bapa liko kimo cha mtu mzima tu, kama mita 1.8. Ilibaki kidogo nidai nauli yangu.

Uongo ule unatengenezwaje? Mpiga picha analala kifudifudi, anaweka lenzi pana karibu na ardhi, anaacha nyuma mbingu tupu. Jiwe linakua kama mlima. Kisha anasubiri watalii watoke, anakwepa kamba iliyozungushiwa kaburi, anageuzia mgongo maegesho ya magari. Anarudi nyumbani na jiwe lililo peke yake duniani. Nimeshapiga picha hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Siku hizi narudi nyuma hatua ishirini. Ukirudi nyuma unaona kilicho cha ajabu zaidi: uwanda wa mwamba wa chokaa, umepasukapasuka mithili ya matumbawe yaliyoachwa na maji kupwa. Na kweli ile ilikuwa sakafu ya bahari. Ukiinama utakuta mabaki ya matumbawe yenyewe ndani ya jiwe.

Jambo jingine ambalo picha haisemi: mwaka 1985 iligunduliwa kwamba moja ya nguzo za mlangoni imepata ufa. Mwaka uliofuata mwanaakiolojia Ann Lynch akachimba pale, ikapatikana mifupa ya watu zaidi ya 30, wakubwa kwa watoto, na ile nguzo iliyopasuka ikawekwa nyingine. Kwa hiyo unapoandika chini ya picha yako kwamba haya ni mawe ya miaka elfu tano na ushee, mguu mmoja pale umri wake haufiki hata miaka hamsini kazini.

Picha inayofuata. Newgrange, bonde la mto Boyne. Kaburi la ujia, yaani lenye njia nyembamba ya mawe inayoingia ndani, lilijengwa yapata mwaka 3200 KK. Ukuta huu mweupe wa mawe ya kwatzi ndio kila mtu anaupiga picha, maana unang'aa. Lakini ukuta huo ulisimamishwa upya baada ya uchimbaji wa Profesa Michael O'Kelly, kati ya 1962 na 1975, na nyuma yake kuna zege. Mawe yenyewe ni ya kale, yalikutwa yamemwagika chini mbele ya kaburi. Kuyapandisha yawe ukuta wima kiasi kile ni rai ya O'Kelly, na wapo wanaakiolojia wanaoipinga mpaka leo. Mimi nikienda pale naachana na ukuta, naenda kwenye mawe 97 ya pembezoni, hasa lile la mlangoni lenye michoro ya mizunguko. Hilo halina ubishi.

Hapa ndipo tunapokuja kwenye mwanga, na naomba wapiga picha wa pwani mnisikilize. Sisi tumelelewa na jua la utosini. Saa sita mchana kivuli chako unakikanyaga, kwa hiyo tumezoea kukimbilia alfajiri na magharibi. Ireland mwezi Desemba, saa sita mchana, jua liko nyuzi 13 tu juu ya upeo wa macho. Siku nzima ni kama alasiri yetu ya mwisho, ikiwa mawingu yatakuruhusu, na mara nyingi hayaruhusu. Mwanga unakuja ubavuni, unaparuza uso wa jiwe, na kila mkwaruzo unatoa kivuli chake. Michoro ambayo mwezi Juni mchana huioni hata ukiipapasa, Desemba inajitokeza yenyewe. Palipo na ruhusa ya kukaa mpaka usiku, tochi moja iliyoshikwa pembeni, mbali na kamera, inafanya kazi hiyohiyo. Zamani watu walijaza michoro kwa chaki ili ionekane. Msifanye hivyo. Chaki inaharibu jiwe, na tena unachopiga picha hapo ni mkono wako wewe.

Waliojenga Newgrange walilijua jua hilo kuliko sisi. Juu ya mlango kuna kidirisha. Tarehe 21 Desemba 1967 O'Kelly aliketi ndani gizani, na saa tatu kasoro dakika mbili asubuhi mwale mwembamba ukapita kidirishani, ukatambaa kwenye ujia wa mita 19, ukafika chumba cha ndani. Dakika 17, ukatoweka. Siku hizi kuingia asubuhi hiyo ni kwa bahati nasibu. Mgeni wa kawaida haruhusiwi kupiga picha ndani, na mimi naona ni sawa. Pale ndani niliona zaidi kwa sababu mikono ilikuwa mitupu.

Kuhusu wenye mashamba nitasema kidogo. Mengi ya makaburi haya yako kwenye malisho ya watu. Bisha hodi, eleza unachotaka, funga geti ulilolikuta limefungwa. Waya unaotoa mlio wa tik-tik una umeme, usiuguse. Na ukiona ng'ombe mmoja amesimama mbali na wenzake, ana shingo nene, achana na kaburi hilo kwa siku hiyo. Stendi yangu ya kwanza ya kamera niliiacha hivyo; nilivyorudi kesho yake ilikuwa imesimama miguu miwili.

Picha ya mwisho ndiyo niipendayo. Proleek, karibu na Dundalk. Mawe matatu yamebeba donge linalokadiriwa kuwa na tani zipatazo 40, kama uyoga. Ili nilifikie nilipita uwanja wa gofu wa hoteli. Yule bwana mwenye kofia kushoto anatafuta mpira wake. Nyuma kuna bendera ya shimo. Juu ya donge mnaona vile vidoti? Ni vijiwe. Wenyeji husema ukirusha kijiwe kikabaki juu, utaolewa au utaoa ndani ya mwaka. Nimesubiri muda mrefu yule bwana aingie kwenye fremu, na wenzangu niliokuwa nao walidhani nasubiri atoke. Mwenye swali? Ndiyo, mama wa pale dirishani. Hapana mama, changu kilidondoka.