Manjano ya Kichanga na Mtoto Anayejinyonganyonga

Haya mama zangu, na nyie kina baba mliokaa huko nyuma sogeeni, leo tunaongelea yule mtoto ambaye mwili unajinyonganyonga wenyewe, akitaka kushika kikombe mkono unaenda kwingine, shingo inapinda, ulimi unatoka, akifurahi au akishtuka ndo inazidi, halafu akipitiwa na usingizi vyote vinatulia kimya. Hapo kwenye usingizi mpaangalie vizuri, maana kifafa kinaweza kumpata mtoto hata akiwa amelala, hii haiko hivyo.

Vyanzo vipo vingi, mimi nataka kile kinachozuilika, manjano ya siku za mwanzo. Siyo homa ya manjano ile ya mbu jamani. Chembe nyekundu za kichanga zikivunjika zinatoa rangi ya njano inaitwa bilirubini, ini lake bado changa halijaweza kuitoa yote, sasa ikizidi sana inaingia kwenye ubongo, pale ndani kabisa panapoongoza mwendo wa mwili. Vichanga wengi wanapata manjano kidogo na yanaisha, ila yakionekana kabla ya saa 24 tangu azaliwe, au mtoto analala tu hanyonyi, analia sauti kali nyembamba, mgongo unapinda kama upinde, usisubiri asubuhi, nenda usiku huohuo. Mtoto wetu mweusi usimwangalie ngozi peke yake, angalia weupe wa jicho na ufizi, mwangani.

Kuna mama aliambiwa "mwanike juani yataisha", akaanika siku 3, alipofika kwetu mtoto keshapinda mgongo. Inaniuma mpaka leo.

Na hilo jua lina historia yake, mwaka 1956 huko Rochford, Uingereza, muuguzi, sista Jean Ward, alikuwa akiwatoa watoto njiti nje wapigwe na jua, daktari akaona tumbo la mmoja limepauka, isipokuwa pale palipofunikwa na shuka ndo pamebaki njano. Ndo taa za bluu za kutibu manjano zikazaliwa hapo. Lakini jua la uani kwako huwezi kulipima, taa inapimwa, na damu inapimwa, na ikibidi mtoto anabadilishwa damu. Na nguo zilizokaa na naftalini usimvalishe kichanga, kuna watoto damu yao inavunjika kwa hiyo tu, na huku pwani wapo.

Sasa aliyekwisha kuumia, naombeni sana, msimwite zezeta. Wengi akili ipo, kilichoguswa ni mwendo, na mara nyingi masikio pia, ndo maana ukimwita hageuki. Mlishe amekaa wima, nyonga zimekunjwa, kichwa kimeinama mbele kidogo, ukikilaza nyuma anapaliwa.

Nina mmoja ana miaka 6, hasemi neno. Juzi namlisha uji, nikamwonyesha kwa mkono, umeshiba? Akageuza macho polepole mpaka kwenye sufuria, mama yake akacheka, akaniambia dada, bado huyo, mwongezee.